Golf 2.0 TDI yenye DPF: 5W-30 au 5W-40? Mafundi wawili wananivuta huku na huku

GolfSita

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nina Volkswagen Golf ya kizazi cha sita, 2.0 TDI (dizeli) ya mwaka 2010, gia za mkono, ina DPF, kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Dashibodi inasoma kilomita 168,000, na najua vizuri kwamba dashibodi huwa zinasema uongo. Nimeinunua kwa mtu. Kitabu cha sevisi amenipa, ila ni Kijerumani mwanzo mwisho, na kuanzia katikati hakina muhuri hata mmoja.

Muda wa kumwaga oili umefika. Fundi wa kwanza anasema weka 5W-40 sintetiki, yoyote ile yenye jina, maana injini imeshatembea na 5W-30 ni maji matupu. Wa pili anasema 5W-30, akataja "507". Nikamuuliza 507 ndiyo nini, akajibu "ni ya Volkswagen" halafu akarudi zake chini ya gari.

Nikaamua kwenda kusoma lebo mwenyewe, ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nimekuta 5W-30 za aina tatu, zote za kampuni kubwa, zote kwa mbele zimeandikwa sintetiki kamili. Za nyuma nimezinakili hivi:

Dumu A: ACEA A5/B5, Ford WSS-M2C913-D, Renault RN0700.
Dumu B: ACEA C3, VW 504 00/507 00, MB 229.51, BMW Longlife-04, Porsche C30.
Dumu C: ACEA C2, PSA B71 2290.

Na ile 5W-40 ya fundi wa kwanza: ACEA A3/B4, VW 502 00/505 00, MB 229.5, BMW Longlife-01, Renault RN0710.

Nichukue lipi? Na je, 30 kweli ni nyepesi mno kwa injini iliyotembea? Halafu kuna kikaratasi kimefungwa karibu na betri, kinasema oili iliyomo sasa ni 5W-40, hakitaji kitu kingine. Kama ni hiyo A3/B4, DPF yangu imeshakufa?

---

Mwendo_Mrefu

Mkuu usijisumbue. Mimi kila gari ninayomiliki inakula 5W-40 na injini inatulia kimya. Hizo namba za nyuma ni biashara ya wenye viwanda, wanataka kila mtu anunue dumu lake. Joto likipanda, oili nzito ndiyo inayolinda chuma. Gari la zamani halitaki oili nyepesi, mwisho wa habari.

---

Mzee wa Spana

GolfSita, marahaba kijana wangu. Dumu B, lenye 507 00, kibali cha Volkswagen kwa dizeli zenye DPF kama yako. Kama ulitaka jibu fupi ndilo hilo, unaweza kwenda. Kama unataka sababu, vuta kiti.

5W-30 ni namba ya SAE (chama cha wahandisi kilichopanga gredi za unene wa oili) na kazi yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hiyo 5W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi: wanapima kama injini itazungushika kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na kama pampu itaweza kuivuta kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Ile 30 inaeleza inavyotiririka ikishapata moto wa nyuzi 100. Basi. Haisemi kemikali gani zimo, haisemi oili ikiungua inaacha majivu kiasi gani, haisemi imejaribiwa kwenye injini ya nani. Ndiyo maana umekuta madumu matatu ya 5W-30 ambayo hayana undugu wowote.

Sasa hilo neno "maji matupu". Kuna kipimo ambacho hakiandikwi mbele ya dumu, kinaitwa HTHS. Oili inapashwa hadi nyuzi 150 kisha inakamuliwa kwa kasi kubwa, kama inavyokamuliwa kati ya krenki na beringi zake pale unapopanda mlima umejaza abiria. Hapo ndipo unene wa kweli unapojulikana. Dumu A, kwa kuwa ni A5/B5 (daraja la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), liko kati ya 2.9 na 3.5. Dumu C, yaani C2, linaruhusiwa kuanzia 2.9. Dumu B ni C3, haliruhusiwi kushuka chini ya 3.5. Na ile 5W-40 ya A3/B4? Nayo sakafu yake ni 3.5 hiyohiyo. Kwa hiyo hiyo 5W-30 anayoiita maji na hiyo 5W-40 anayoisifia, pale kwenye beringi kikomo chao cha chini ni kimoja. Aliyekwambia 5W-30 ni nyepesi alikuwa sahihi kuhusu dumu A, hakuwa sahihi kuhusu dumu B, na kwa kuwa hasomi nyuma ya dumu hawezi kujua tofauti.

La pili, na kwako ndilo kubwa, ni majivu. Oili ya injini ina kemikali za kusafisha na za kuzuia msuguano, nyingi zimetengenezwa kwa madini: kalisi, magnesi, zinki. Kila injini inakunywa oili kidogo, hata ile unayoambiwa hainywi. Ikiungua, hayo madini hayaungui, yanatoka na moshi kama majivu na kukwama ndani ya DPF. Masizi ya dizeli DPF inayachoma yenyewe na yanaisha. Majivu hayachomeki kwa joto lolote ambalo gari lako linaweza kutoa. Yakishaingia yamo, mpaka mtu aifungue na kuiosha kwa mashine au anunue nyingine.

C3 inaruhusiwa majivu hadi asilimia 0.8 ya uzito wake. A3/B4 inaanzia 1.0 na inaweza kufika 1.6. Tufanye hesabu ya juu-juu. Tuseme injini yako inakunywa lita moja kila kilomita 5,000, kiasi ambacho wengi hawakioni hata kama tatizo. Kwa kilomita 100,000 ni lita 20, karibu kilo 17. Kwa C3 hiyo ni gramu 136 za majivu. Kwa A3/B4 ya asilimia 1.5 ni gramu 255. Si yote yanafika kwenye DPF, ila umeona uwiano ulivyo. Ni karibu mara mbili.

Kuhusu oili iliyomo sasa, acha hofu. Mzunguko mmoja wa A3/B4 hauui DPF, unaipunguzia umri tu. Imwage, weka inayotakiwa, songa mbele.

Na hilo neno "sintetiki kamili" mbele ya dumu, lipe heshima ndogo. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 kule Marekani, kwenye ule mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol, oili iliyotokana na mafuta ghafi lakini ikasafishwa sana kwa hidrojeni inaruhusiwa kuitwa sintetiki. Ujerumani ni wakali zaidi, ndiyo maana ukipata dumu la huko unaweza kukuta imeandikwa HC-Synthese badala yake. Wala si oili mbaya. Nyingi ya hizo zenye 507 00 zimetengenezwa hivyo na zinafaulu majaribio yote. Ninachosema ni kwamba neno hilo halikuchagulii oili.

---

Mwendo_Mrefu

Mzee heshima yako, lakini 40 ni 40 na 30 ni 30. Hata uipinde vipi, 40 ni nzito zaidi. Au nako ni uongo?

---

Mzee wa Spana

Si uongo, Mwendo. Kwenye nyuzi 100, gredi ya 30 ni kuanzia 9.3 hadi kabla ya 12.5, na ya 40 ni kuanzia 12.5 hadi kabla ya 16.3. Vipimo hivyo viko kwenye jedwali la SAE J300, yeyote anaweza kulitafuta. Sasa tafuta karatasi za kiufundi za oili zenye 507 00, utaona nyingi ziko karibu na 12. Zimekaa ukingoni, nusu hatua kutoka 40. Wewe unadhani umehama kutoka maji kwenda asali, kumbe umevuka mstari wa jirani.

Injini kutulia kimya sikatai. Oili nzito kidogo inaficha kelele. Lakini hatulipwi kwa kupunguza kelele, na wewe hujasema kama magari yako yana DPF. Kama hayana, A3/B4 yenye kibali cha injini yako ni oili nzuri sana, mimi mwenyewe naitumia kwenye za petroli za zamani. Kinachokutofautisha na GolfSita ni kile kikopo kwenye ekzosi yake.

---

Mwendo_Mrefu

Moja ni petroli ya 2003, nyingine dizeli ya 2001. Hazina DPF.

Sawa mzee, nimekuelewa.

---

Dada_Bavaria

Mzee wa Spana shikamoo. Nadandia hapahapa nisifungue mada nyingine. Mimi nina BMW ya petroli ya 2008, silinda sita, haina turbo. Kitabu kinasema Longlife-01. Muuzaji ananisisitiza nichukue Longlife-04 kwa madai kwamba ni mpya zaidi, 04 inakuja baada ya 01, kwa hiyo ni bora. Lile dumu B la GolfSita lina hiyo 04. Nichukue?

---

Mzee wa Spana

Marahaba dada. Muuzaji wako anahesabu vizuri ila hajui anachohesabu. 01 ilitoka 2001 na 04 ikatoka 2004, hilo kweli. Lakini 04 haikuja kuchukua nafasi ya 01 kwenye kila injini. Ilikuja kwa ajili ya magari yenye vichujio vya moshi, kwa hiyo wameipunguzia madini. Ukipunguza madini umepunguza na akiba ya alkali, ile inayozimisha asidi. C3 inaruhusiwa kuwa na akiba ya kuanzia 6 tu, wakati A3/B4 haitakiwi kushuka chini ya 10.

Asidi inatoka wapi? Kwenye salfa ya mafuta unayochoma. Umoja wa Ulaya ulishusha salfa ya petroli na dizeli hadi sehemu 10 kwa milioni kuanzia 2009, na huko akiba ndogo inatosha. Ndiyo maana BMW wenyewe waliruhusu 04 kwenye injini za petroli ndani ya Umoja wa Ulaya pamoja na Norwe, Uswisi na Liechtenstein peke yake. Nje ya hapo, kwa petroli, walisema tumia 01. Kwa hiyo swali la kwanza si oili ipi ni mpya. Ni petroli gani unajaza. Kama huna hakika na salfa yake, baki na 01, haina madhara yoyote kwenye gari lako kwa sababu huna kichujio cha kuziba.

Na msimamo uleule unawahusu wenye dizeli wanaojaza mafuta yenye salfa nyingi: 507 00 inabaki kuwa sahihi kama kuna DPF, lakini usithubutu kuifikisha kilomita ndefu. Ipunguzie safari.

---

Dada_Bavaria

Nimekupata. Asante sana mzee, Mungu akuweke.

---

Bomba_Dusa

Mnazungumzia TDI za kisasa, tunaomiliki zile za kunguruma tumesahauliwa. Mimi nina 1.9 TDI ya Pumpe-Düse, ya 2005, haina DPF. Mtu ameniambia kwa kuwa haina DPF naweza kuweka 505 00 yoyote, mradi ni 5W-40.

---

Mzee wa Spana

Hapana! Hapo kuna mtego na umeshaua kamshafti nyingi.

Kwenye injini yako hakuna pampu moja kubwa ya presha. Kila silinda ina injekta yenye pampu yake, na inayoisukuma ni kamshafti, kwa pua zake, yaani yale matuta yake. Presha inafika zaidi ya bar 2,000, na nguvu yote hiyo inapita kwenye kamshafti. Ili kupata nafasi ya pua za ziada, pua za valvu zimefanywa nyembamba. Chuma chembamba, mzigo mkubwa, na kilicho katikati ni ngozi ya oili. Ndiyo sababu VW walitoa 505 01 kwa ajili ya injini hizo. 505 00 ni kibali cha zamani cha dizeli za kabla yake, hakikujaribiwa kwa mzigo huo. Zinafanana namba, hazifanani kazi.

Ukifungua kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa mkono taratibu uangalie ncha za pua. Zikiwa na kioo chake, salama. Ukiona ukingo umekatika au kuna mifereji ambayo kucha inanasa, hiyo imeshaanza kuliwa, na kwenye vikombe vya chini utakuta kuna tundu au kovu katikati. Oili haitairudisha.

505 01 ikiwa adimu, 507 00 inakubalika kwenye hiyo ya silinda nne. Wasioruhusiwa ni wenye TDI za silinda tano na V10 za kabla ya katikati ya 2006, hao wana 506 01 yao.

---

Bomba_Dusa

Nimefungua kifuniko jana mzee, ziko na kioo. Namwaga wikiendi hii, nahamia 505 01.

---

Kijana_wa_Turbo

Naomba kuuliza harakaharaka. Kuna oili ya 0W-20 nimeona ina rangi ya kijani, VW 508 00/509 00. Namba ni kubwa kuliko 507. Inafaa kwa Golf ya jamaa?

---

Mzee wa Spana

Haifai. Namba kubwa si cheo. Hiyo kijani wameipaka rangi makusudi ili mtu aitambue, HTHS yake inaanzia 2.6, na injini zake zimetengenezwa zikiijua: pampu, nafasi za beringi, vyote. Ukiiweka kwenye injini ya 2010 ndipo utapata hayo maji matupu.

Na wewe mwenye turbo, kama ni ile 1.0 EcoBoost ya Ford, mkanda wake wa taimingi umo ndani ya injini unaogelea kwenye oili. Kibali chake ni WSS-M2C948-B, 5W-20. Hapo oili inalinda chuma na mpira kwa pamoja, kwa hiyo ukibuni unaweza kujikuta na vipande vya mkanda kwenye chujio la pampu. Usibuni.

---

GolfSita

Nimerudi wakuu. Mzee nimesoma yote mara mbili, nakushukuru sana.

Nimekwenda kuchukua dumu B nikakuta yapo mawili ya kampuni tofauti. Moja limeandika kwamba lina kibali cha VW 504 00/507 00. La pili limeandika kwamba linafaa kutumika kwenye magari yanayohitaji 504 00/507 00. Niliona kama ni kitu kimoja, ila kwa jinsi ulivyo mkali nikaona niulize kwanza.

Pia nimeinua zulia la buti, kwenye shimo la tairi la akiba kuna stika nyeupe imejaa herufi. Nimeona CBAB, na pia QG1. Na unanishauri niende kilomita ngapi kabla ya kumwaga tena? Yule aliyeniuzia alisema Wajerumani wanaenda 30,000.

---

Mzee wa Spana

Umefanya vizuri kuuliza. Si kitu kimoja. La kwanza linasema Volkswagen waliipima oili hii na kuipa kibali. La pili linasema mwenye kiwanda anaamini oili yake inatosha. Huenda ni kweli, huenda imechanganywa vizuri tu ila hakulipia majaribio. Lakini wewe huna maabara. Chukua la kwanza. Wenye Mercedes mna bahati zaidi, kwa sababu kampuni inachapisha orodha ya oili zote zenye kibali, kurasa zake wanaziita BeVo. Unafungua ukurasa wa 229.51, unatafuta jina la dumu lako. Kama halimo, halimo, hata lebo iseme nini.

Na usichukue C3 tupu isiyo na 507 ukidhani umefika. C3 ni mlango wa kuingilia, 507 00 ni majaribio ya VW juu yake.

CBAB ndiyo injini yako, ile ya komoni reli (pampu moja ya presha kwa injekta zote) ya kilowati 103. Vizuri, maana yake si Pumpe-Düse. QG1 maana yake gari lilitoka kiwandani likiwa kwenye ratiba ya Longlife, kompyuta inajipangia muda wa sevisi, hadi kilomita 30,000 au miaka miwili. Ukikuta QG0 au QG2 ni ratiba ya kawaida isiyobadilika.

Sasa hiyo 30,000 iliandikwa kwa gari jipya, dizeli safi, barabara kuu ndefu, dereva haendi dukani mita mia tatu akazima. Wewe una gari la mkononi, historia imekatika. Mimi kwa gari kama lako naweka 10,000 au mwaka, kinachotangulia. Oili ni rahisi kuliko turbo, hilo huhitaji kuelezwa. Ukiweza, mwambie mwenye kompyuta ya uchunguzi aibadilishie gari ratiba iwe isiyobadilika, ili dashibodi ikukumbushe mapema.

Kazi yenyewe: injini inachukua lita 4.3 pamoja na filta. Mimina 4 kwanza, washa kidogo, zima, subiri dakika chache oili iteremke, pima, kisha ongeza taratibu. Filta ni ya karatasi, inakaa ndani ya kikombe chenye kifuniko cha plastiki juu ya injini. Badilisha na raba ya kifuniko, inakuja ndani ya boksi la filta na mafundi wengi wanaitupa pamoja na boksi. Kifuniko kaza kwa Nm 25, boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa Nm 30, na boliti weka mpya kwa sababu washa yake haitoki. Sampu ni aluminiamu. Fundi akipandisha mguu juu ya spana, mwondoe.

Kabla hujamwaga, pima oili iliyomo uniambie imesimama wapi kwenye stiki.

---

GolfSita

Mzee nimepima asubuhi, gari tambarare, injini ya baridi. Oili imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nilifurahi kwamba hainywi oili, ila umenitia wasiwasi kwa ulivyouliza. Nimeinusa, ina harufu ya dizeli.

---

Mzee wa Spana

Ndiyo niliyokuwa naitafuta. Usiiwashe tena kwa safari mpaka umwage.

Hiyo si oili iliyoongezeka, ni dizeli imeingia. DPF ikijaa masizi, kompyuta inapuliza dizeli ya ziada kwenye silinda baada ya mlipuko mkuu, ili joto lipande kwenye ekzosi na masizi yaungue. Dizeli nyingine inashika kuta za silinda, inateleza kupita ringi na kushuka kwenye sampu. Safari ndefu ingeivukiza kidogo na kazi ingekamilika. Safari fupi unazima katikati, kesho inaanza upya, inapuliza tena, unazima tena. Oili inapanda, na inakuwa nyepesi kuliko hata lile dumu A. Kiwango kikizidi sana, injini inaweza kuvuta oili yake yenyewe kupitia bomba la pumzi na kuanza kuichoma kama mafuta. Hapo hata ukichomoa ufunguo haizimi.

Kwa hiyo mwaga leo ikiwezekana, na filta mpya. Halafu nenda kwa mwenye kompyuta ya uchunguzi umwombe vitu vitatu: umbali tangu DPF ilipojisafisha mara ya mwisho, presha kabla na baada ya DPF injini ikiwa ya moto, na masahihisho ya injekta silinda kwa silinda. Pia atakuonyesha kiasi cha majivu, ila hicho kichukue kwa tahadhari. Kompyuta inakikadiria tu, haina namna ya kujua kwamba mwenye gari wa zamani alikuwa anaweka A3/B4. Presha ndiyo ya kuamini. Kama DPF inajaribu kujisafisha kila kilomita mia, mia mbili, basi ama imejaa majivu au kuna injekta inavuja, na usipoijua ipi, hiyo oili mpya nayo itakuwa na harufu ya dizeli ndani ya mwezi.

Tuwekee majibu ya presha hapa.

---

GolfSita

Sawa mzee. Gari nimeliacha nyumbani, fundi wa pili anakuja jioni na dumu lenye kibali, boliti mpya ninayo mkononi. Vipimo nitaleta.